Uzi Tumboni mwa Paka

3 Desemba 1983
Mvua ya kwanza ya maana. Daftari hili ni la binti yangu Maua, alilibakiza alipomaliza muhula. Kurasa za mwanzo zilikuwa na hesabu zake, zote kakosa, nimezichana. Nitaandika humu kwa sababu ofisini kwetu kwa mifugo hakuna cha kuandika zaidi ya "vifaa havijafika."

Ila leo kifaa kimefika. Wataalamu wa mradi wa kondoo wamefunga virago wakarudi kwao, wametuachia mashine yao ya altrasaundi. Ni sanduku lenye kioo kidogo na waya wenye kichwa mfano wa kipande cha sabuni. Unanyoa tumbo la mnyama, unapaka mafuta, unabandika kile kichwa. Sauti ambayo sikio haliisikii inaingia tumboni, inarudi na habari, na habari unaiona kwenye kioo. Daktari Wenceslaus, mkubwa wangu, ameizunguka mara tatu kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani.

"Mwanajuma," akaniambia, "wewe ndiye msaidizi wa maabara. Jifunze."

Mimi na nani wa kunifundisha, hakusema.

9 Desemba
Pelagia kaja mjini. Tunajuana tangu tulipouguza watoto wodi moja, kitanda kwa kitanda. Analima tumbaku Kitulizo, kijiji cha ujamaa njia ya Sikonge, na mwaka huu analia: ghala la kijiji halina uzi. Majani ya tumbaku huwezi kuyatupa tu ndani ya bani, kile kibanda cha kukaushia, na kuwasha moto. Lazima yafungwe kwenye fito, yaning'inie, moshi na joto viyakaushe. Bila uzi kazi ya mwaka mzima inaoza shambani.

Mume wangu Abbasi anauza migebuka Kanyenye, samaki wanaokuja na treni ya Kigoma. Wanatungwa kwa nyuzi za pamba, na hizo nyuzi tunazo rundo uani, hata kuku wamezichoka. Nikampa Pelagia furushi zima. Akaniachia asali kopo moja.

"Mwanajuma, usiseme umenipa," akaniambia. "Uzi wa tumbaku ni wa kutoka ghalani tu. Wakiona mwingine, ni ulanguzi."

Mwaka huu mtu akikutwa na sabuni tatu ni mlanguzi. Nikacheka. Nimwambie nani habari za nyuzi za samaki?

17 Desemba
Mbuzi wanne. Mmoja ana mimba. Mvua.

22 Desemba
Mvua. Panya wameingia kabati la ofisi wakala faili la mwaka 1979. Hakuna atakayelikumbuka.

2 Januari 1984
Pelagia kaagiza nyuzi nyingine. Safari hii nimezipeleka mwenyewe, nimepanda lori la mbolea. Mafurushi matano, maana na jirani zake walitaka. Nimerudi na asali ndoo nzima na harufu ya shombo nguoni.

19 Januari
Barua kutoka serikali ya kijiji, Kitulizo: "Paka kumi na mmoja wamekufa. Wanatapika, hawali, wanakonda, wanakufa. Panya wanamaliza mbegu na mahindi. Tunaomba wataalamu."

Daktari alisoma akaweka barua mezani. "Serikali haina kifungu cha paka," akasema. Halafu akafikiri kidogo. "Lakini kikiwa kichaa cha wanyama, kifungu kipo."

24 Januari
Kitulizo. Si kichaa, Daktari kasema mara tu alipowaona. Wagonjwa wamejikunja pembeni, matumbo yamebana, wanajaribu kutapika na hakitoki kitu. Tukaomba mzoga mmoja tuupasue. Hakuna hata mmoja, wote wamechomwa moto. Amri ya sungusungu, walinzi wa kijiji wenye pinde na filimbi. Mkuu wao ni Mahona, mtu mpole wa sauti, hanyanyui hata nyusi akisema.

"Paka anayekufa hivyo hafi peke yake, Daktari," akasema. "Anakuja kuchukua na mwingine. Tunachoma."

Paka mmoja tu pale kijijini ni mzima kabisa. Ni jike zee la rangi ya majivu, la Bibi Katarina. Linaitwa Operesheni, maana lilizaliwa juu ya lori mwaka wa sabini na nne, siku watu walipohamishwa kutoka makazi yao ya zamani kuletwa hapa. Hayo makazi ya zamani sasa ni mahame, mwendo wa saa moja na nusu msituni. Watu walihama, mama yake paka huyu hakukubali, naye akafuata njia ileile. Miaka kumi sasa anakwenda mahameni asubuhi, anarudi jioni. Na Bibi Katarina naye huenda. Kule ana makaburi ya wajukuu wawili waliokufa mvua ile ya kuhama, huyasafisha.

Bibi huyu ni mchochea moto wa mabani. Kila mwenye bani humwita akamlindie moto, na moshi wa miaka mingi umemfanya macho mekundu kama pilipili. Nilimkuta ameinama ndani ya bani la Pelagia, anaokota vitu sakafuni, anatia kikapuni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mwangaluka." Alisalimu na kwa lugha ya kwao, hakuinuka. Aliendelea kuokota.

Wakati wa kuondoka Mahona alitusindikiza hadi kwenye gari. "Mmeona wenyewe," akasema. "Wa kila mtu wanakufa. Wa yule bibi hafi."

30 Januari
Kabla ya kwenda kupima paka wa watu, Daktari kataka nijizoeze. Nimempima paka wetu wa nyumbani. Kwanza alinichana mkono mzima. Nilimlaza na njaa tangu jana, maana tumbo lenye chakula na upepo halionyeshi kitu, kioo kinakuwa ukungu mtupu. Nikamnywesha maji kwa bomba la sindano, maji ndiyo yanayofungua njia ya ile sauti. Mafuta ya wataalamu yamekwisha, nikatumia mawese ya Kigoma. Paka sasa ana tumbo jekundu, Maua kanuna.

Lakini nimeliona. Tumbo la paka ukilikata kwa sauti linaonekana duara, na mikunjo yake ya ndani imeelekea katikati, gurudumu la baiskeli na spoki zake. Linajibana, linaachia. Nilihesabu kwa saa ya Daktari: mara tano kwa dakika. Nilikaa naye muda mrefu kuliko ilivyotakiwa. Sikujua kuwa kitu kidogo hivyo kina kazi nyingi hivyo.

4 Februari
Kibali cha petroli kimetoka.

8 Februari
Siku hii naiandika yote, hata ikinichukua kesho.

Tulifunga jenereta chini ya paa la ofisi ya kijiji. Watu walijaa, na Mahona alisimama nyuma yetu pale anapoona kioo. Paka wa kwanza alikuwa wa Mahona mwenyewe, dume jeusi, mifupa mitupu. Nikanyoa, nikapaka mawese, nikanywesha maji. Daktari akabandika kichwa cha mashine.

Gurudumu lilikuwepo, ila halikuwa peke yake. Katikati ya lile giza la maji ulikuwepo mstari mweupe, mwembamba, unang'aa, umetoka tumboni unashuka. Daktari akaufuata. Kule chini utumbo wote umejikusanya kwenye ule mstari, mithili ya kitambaa kilichovutwa uzi kikafanya marinda. Tumbo linajibana kuusukuma, haliwezi. Nilihesabu bila kutaka: moja, mbili, kimya.

"Ni uzi," Daktari akasema kwa sauti ya chini. "Kameza uzi. Umenasa juu, utumbo unaupanda."

Wa pili, uzi. Wa tatu, uzi. Dawa ya usingizi ya kumpasulia mnyama hatujaletewa tangu mwaka juzi, kwa hiyo tulikuwa tunaona tu, hatuwezi kutoa. Daktari alitumia karatasi ya picha ya mwisho tuliyokuwa nayo, ile inayotoka mashineni papo hapo, akampiga picha yule mweusi.

Wakati yeye anapunga picha ikauke, nilimfungua mdomo yule paka nimfute mate. Chini ya ulimi kulikuwa na kitanzi cha uzi, kimekata nyama. Nikakiinua kwa ncha ya kidole. Uzi wa pamba, wa nyuzi mbili zilizosokotwa. Nikanusa kidole changu.

Migebuka.

Nikaelewa yote mara moja. Uzi unanuka samaki, umefungia tumbaku, vipande vinaanguka sakafuni mwa bani, na bani lina joto, na paka hupenda kulala penye joto. Wanaramba shombo, wanameza uzi. Operesheni ni mzima kwa sababu mchana kutwa yuko mahameni, hakanyagi bani.

Daktari alikuwa ameinamia kioo. Hakuna aliyeniona. Nikamfunga paka mdomo, na wangu nikaufunga.

"Uzi wa nini?" Mahona akauliza. Alikuwa ameshika ile picha kwa pembe mbili.

Daktari akanigeukia. "Mwanajuma?"

"Ni uzi tu," nikasema. "Sijui."

Mahona akawainulia watu picha. Hakupaza sauti. "Mnaona. Uzi mweupe. Sisi hapa hatuna uzi, ghala ni tupu, serikali yenyewe inajua. Uzi mweupe unapatikana wapi, kama si kwenye sanda? Na nani kati yetu anayekwenda makaburini?"

Nikawatazama wale watu. Pelagia alikuwepo. Jirani zake niliowapelekea mafurushi walikuwepo. Wote wanaijua ile picha ni nini. Wote wana zile nyuzi mabanini mwao, na wote wanajua mwenye uzi usio wa ghala anakwenda wapi mwaka huu. Pelagia aliangalia miguu yake. Wengine waliangalia mvua.

Mwisho wakamleta Operesheni. Alitulia mezani kama mtu aliyezoea ofisi za serikali. Tumbo safi, gurudumu kamili, mara tano kwa dakika. Nilifurahi, mjinga mimi. Nikatangaza kwa nguvu: "Huyu mzima." Na watu wakarudi nyuma hatua moja.

10 Februari
Nimemweleza Abbasi. Aliacha kula.

"Mama Maua, yule jirani wa kwa Mabruki wamemchukua kwa vitenge vinne. Vinne. Mimi watanikuta na nini? Mafurushi sita nimetoa."

"Mimi ndiye niliyetoa."

"Za nani?"

Nikaondoa sahani yake. Akasema, "Ukisema, hatuendi jela wawili tu. Tunakwenda na Pelagia, na Kitulizo nusu." Ni kweli. Ndiyo maana inauma.

13 Februari
Mvua tangu alfajiri. Ikinyesha hivi dirishani naona mistari.

14 Februari
Mvua. Nimenawa mikono kwa limau. Shombo haitoki.

21 Februari
Bibi Katarina kaja ofisini. Kapanda lori la tumbaku, Operesheni ndani ya kikapu kimefungwa khanga. Daktari alikuwa mkutanoni kwa mkuu wa mkoa.

"Mtoto wa Mahona ana homa," akasema baada ya salamu. "Wanasema ni mimi. Nimemleta paka mpime tena."

Nikampima, sina la kufanya jingine. Yule mnyama alinitazama muda wote. Mzima.

"Andika basi," Bibi akasema. "Andika tu kwamba ule uzi haukutoka kaburini. Ukiwa na mhuri watasikia."

"Daktari ndiye anayeandika taarifa, bibi."

"Na mashine ya kupiga chapa anaipiga nani?"

"Mimi."

"Ehe."

Alisimama kuondoka, akaushika mkono wangu wa kulia. Nilidhani ananiaga. Akauinua taratibu hadi puani, akanusa, akaurudisha pale ulipokuwa, kama mtu anayerudisha kikombe cha mwenyewe.

"Mumeo hajambo?" akauliza.

"Hajambo, bibi."

"Msalimie."

Akachukua kikapu chake akaenda. Sikumpa hata chai.

23 Februari
Taarifa ya Kitulizo. Daktari aliandika kwa mkono: "Paka wamemeza uzi." Akaniambia nimalizie sentensi kitaalamu. Nilikaa mbele ya mashine tangu saa tatu mpaka adhana ya adhuhuri. Mwisho nikapiga: "ambao asili yake haijulikani." Maneno manne. Akatia sahihi bila kusoma, nikagonga mhuri.

27 Februari
Mbuzi wawili. Hawana mimba.

5 Machi
Paka wetu wa nyumbani alicheza na uzi wa cherehani, nikampiga. Maua kalia. Sijawahi kumpiga mnyama.

7 Machi
Kondoo. Mvua.

15 Machi
Pelagia kaja. Kaleta asali, chupa mbili, kaziweka mezani bila kunitazama.

Mtoto wa Mahona alifariki tarehe mbili, malaria, dawa hazikuwepo zahanati. Kesho yake sungusungu wakamwita Bibi Katarina mkutanoni. Walikuwa wamepekua nyumba yake wakakuta kikapu kimejaa vipande vya uzi mweupe. Vifupi vifupi, vimefuliwa, vimekaushwa.

"Wakamuuliza, umevitoa wapi?" Pelagia akasema. "Akasema, nimeviokota. Wapi? Akatutazama sisi wenye mabani mmoja mmoja. Akasema, wenyewe wanajua."

"Na ninyi?"

Pelagia akafuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

"Ikasomwa barua yenu. Asili yake haijulikani. Mahona akasema, mmesikia, hata serikali haijui. Basi wakamtenga. Asipewe moto, asichote maji kisima cha kijiji, asiongeleshwe. Arudi mahameni kwake. Wakamtupia na kikapu chake: chukua uchawi wako. Akakichukua. Akatembea na yule paka nyuma yake."

Bibi alikuwa akiziokota nyuzi. Tangu Januari alikuwa akiinama mabanini mwa watu, anaokota vipande paka wasije wakavimeza. Peke yake kijiji kizima ndiye aliyefanya jambo, na hilo jambo ndilo lililomshitaki.

"Analala wapi?" nikauliza.

"Mahameni hakuna nyumba. Labda kajenga kibanda." Kisha akasema, na hili ndilo nisilolisahau, "Mwanajuma, majani ya juu ya tumbaku bado yako shambani. Kama una nyuzi kidogo."

Nikamrudishia asali yake mkononi. Ile ya Desemba tumeshaila.

16 Machi
Nimemwambia Daktari kila kitu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Nilidhani atanifukuza. Akasema, "Nilitia sahihi bila kusoma." Kaomba kibali cha petroli.

Abbasi nimemwambia pia. Nilijiandaa kwa ugomvi. Akatoka uani, akarudi na furushi la nyuzi zilizobaki, akaliweka mlangoni. "Watasema unawadanganya," akasema. "Wape wanuse."

Miaka kumi na sita nimekaa na mtu huyu nikidhani namjua.

17 Machi
Petroli hakuna.

19 Machi
Hakuna. Mvua kubwa.

20 Machi
Hakuna.

22 Machi
Lori la tumbaku limepita mbele ya ofisi, tupu, linaelekea Sikonge. Dereva ananijua, kanipungia. Nikasema nitakwenda na Daktari, mbele ya Daktari watanisikiliza. Nikasema hivyo.

24 Machi
Lori limepita tena. Sikupanda. Sina cha kusema hapa. Niliogopa.

26 Machi
Mvua. Petroli imeahidiwa.

29 Machi
Tulifika jana saa nne asubuhi. Mahona aliwaita watu, wakaja upesi kuliko nilivyotaka. Nikaweka furushi la Abbasi mezani, palepale tulipolaza paka.

"Uzi uliomo tumboni mwa paka ni huu," nikasema. "Ni wa kutungia samaki. Nimeuleta mimi, Mwanajuma, mke wa Abbasi muuza migebuka wa Kanyenye. Nilijua tangu siku ile ya mashine. Niliuona chini ya ulimi nikanyamaza. Bibi Katarina alikuwa akiuokota ili paka wenu wasife. Anayetaka kunishitaki kwa ulanguzi, nipo."

Nikalipitisha furushi wanuse. Likazunguka mkono kwa mkono. Hakuna aliyelinusa. Kila mmoja alilipokea na kulitoa haraka, macho chini, na hapo ndipo nilipoona kwamba sikuwa nimewaambia jambo jipya hata mmoja wao. Likafika kwa Mahona. Akalishika.

"Hata bani langu," akasema, sauti ileile ya upole. "Uzi kama huu niliununua kwa mtu. Nilijua." Akaliweka furushi mezani. "Mtoto alikuwa anakufa, Mama. Nilitaka kuwe na sababu."

Nilikuwa nimekuja nimchukie. Nilishindwa hata hilo.

Tukaenda mahameni: mimi, Daktari, Pelagia, Mahona na vijana wawili. Njia imejaa maji. Mahame yenyewe ni miembe na vichuguu, na misingi ya nyumba imeota nyasi, lakini mtu anayejua anasema hapa palikuwa kwa fulani, hapa kwa fulani. Mahona aliijua yote. Alipita penye msingi mmoja akaugusa. Palikuwa kwao.

Bibi alikuwa ndani ya kibanda cha nyasi, pale palipokuwa nyumba yake. Alikuwa amelala kwa ubavu, amekunja miguu. Daktari aligusa shingo yake, akasema amekufa jana, labda juzi. Kati ya mafiga ya jiko kulikuwa na majivu yaliyolowa. Moto aliokuwa akiwalindia watu wote hakuwa nao.

Makaburi ya wajukuu yalikuwa yamepaliliwa, hakuna hata jani moja. Operesheni alikaa kati ya hayo makaburi mawili, mvua inamnyeshea, hakukimbia.

Ikaamuliwa azikwe palepale, kando ya wajukuu. Katekista alikuwa safarini, Pelagia akaongoza sala. Vijana wakachimba. Kilichokosekana ni sanda. Mwaka huu shuka halipatikani Tabora nzima, sembuse mahameni. Tukawa na blanketi lake na magunia mawili ya Daktari yaliyokuwa garini. Lazima viungwe, maana kimoja hakimtoshi. Daktari alikuwa na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, lakini hakuwa na uzi. Furushi la Abbasi tulikuwa tumeliacha mezani kijijini.

Tukatazamana. Pelagia ndiye aliyekivuta kile kikapu kutoka kona ya kibanda.

Vilikuwa vipande vifupi, vyeupe, safi. Bibi alikuwa amevifua kwa majivu. Nikaketi chini, nikaviunga kimoja kwa kimoja kwa mafundo, nikatunga shazia, nikashona. Nilianzia miguuni. Mahona alishika blanketi upande wa kichwa. Kila mmoja alijua ninashona nini na kwa nini. Iliposemwa ni uzi wa sanda ilikuwa uongo. Nilipokaza fundo la mwisho ikawa kweli.

Operesheni alikuja akanusa mshono, wote, toka miguuni hadi kichwani. Kufua hakukuitoa ile harufu yote. Nilimwondoa mara tatu akarudi mara tatu. Tulipofukia alikuwa juu ya udongo, anaukwaruza.

Nimemchukua. Sikuweza kumwacha na kile kilichomo mle chini.

2 Aprili
Mahona kajiuzulu ukuu wa sungusungu. Hakuna aliyekuja kunishitaki. Ningependa wangekuja.

5 Aprili
Operesheni hali. Ana hamu ya kutoka, analia mlangoni kuelekea njia ya Sikonge. Nimempeleka ofisini nikampima. Maji, mawese. Gurudumu safi. Mara tano.

Daktari alisimama mlangoni. "Mwanajuma, ulimpima jana."

"Ndiyo, Daktari."

Akafunga mlango taratibu.

6 Aprili
Safi. Mara tano.

7 Aprili
Safi. Mara nne, kisha tano.

8 Aprili
Mvua imekatika. Mawese yamekwisha nyumbani, Abbasi kaleta mengine bila kuuliza ninayafanyia nini. Operesheni kala kidogo, dagaa watatu, mkononi mwangu.

Nimemnywesha maji nikamtazama tena tumboni. Hakuna mstari. Nimemgeuza ubavu wa pili, nikatazama tena. Hakuna. Nimemfungua mdomo nikaangalia chini ya ulimi, hakuna kitu, naye akanilamba kile kidole.

Kesho nitamtazama tena.